Farasi Akitikisa Kichwa, Anza Kutazama Miguu

Iwe unafuga farasi wako, unamtunza wa tajiri, au unapanda wa kukodi siku za Jumapili tu, ipo siku utamkuta anatikisa kichwa na kila aliye karibu atakuwa na jibu lake. Huyu atasema ni nzi. Yule atasema ni ukaidi, mkaze vigwe. Saisi aliyezeeka na farasi hatasema kitu mwanzoni. Atainama kidogo na kuitazama miguu. Mfuate yeye.

Kabla ya kuuliza kwa nini, uliza lini, na kichwa kinaelekea wapi. Je, kinapanda na kushuka kwa kufuata hatua? Kinarushwa juu ghafla bila mpangilio? Kinapigwa kushoto na kulia huku masikio yamelala? Hutokea akiwa na lijamu mdomoni tu, au hata akiwa huru malishoni? Ukiwa na majibu ya maswali hayo, dhana nyingi zitakuwa zimeshaanguka kabla daktari wa mifugo hajafika, na yeye mwenyewe akifika atakuuliza hayohayo.

Yapo pia matikiso yasiyo na neno. Farasi akitembea polepole, kichwa chake huinama na kuinuka kila hatua, na akienda mbio za shoti hufanya vivyo hivyo kwa upana zaidi. Kichwa na shingo ni karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwa farasi wa kilo 500 hizo ni kilo 50 hivi zinazoning'inia mbele ya miguu, na anazitumia kujipa mizani. Ukimvua tandiko atajikung'uta mwili mzima kuanzia masikioni hadi mkiani, mara moja, basi. Akisinzia wima, kichwa kitashuka na kushtuka. Na akiona kitu kigeni atakiinua au kukishusha kichwa ili akitazame vizuri, kwa sababu macho yake yako ubavuni: anaona karibu pande zote, lakini kilicho mbele ya paji la uso wake kabisa hakioni. Farasi dume anayeshusha shingo hadi karibu na ardhi na kuipeperusha huku masikio yamelazwa nyuma anawaswaga majike wake. Usikae katikati.

Tatizo huanza pale kichwa kinapocheza wakati ambapo kilipaswa kutulia.

Mguu unavyosema kupitia kichwa

Wakati huo ni mwendo wa matiti, zile mbio fupifupi ambamo miguu hutua miwilimiwili kwa mshazari: wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, kisha jozi ya pili. Kwa kuwa kila jozi inabeba mzigo sawa na mwenzake, kichwa cha farasi mzima katika matiti hakina sababu ya kupanda wala kushuka. Ukiona kinapanda na kushuka kwa mpigo uleule wa miguu, huyo anachechemea, hata kama mwenye mali anakuapia kwamba hana lolote.

Jaribio lenyewe halihitaji chombo. Tafuta sehemu tambarare na ngumu, sakafu ya saruji au barabara iliyoshindiliwa, yenye urefu wa mita 30 hivi. Mvue tandiko. Mpe saisi kamba ya kuongozea na umwambie aishike mbali kidogo na kidevu, ilegee, maana akiishika karibu atakuwa amekishika kichwa na hutaona kitu. Kisha akimbie naye kwa matiti kukujia, akupite, arudi. Wewe simama mbele yake kwanza, kisha nyuma, kisha ubavuni. Usitazame miguu yote minne kwa pamoja, utachanganyikiwa. Kaza macho kwenye utosi, katikati ya masikio, mpaka uone mpigo, ndipo ushushe macho kuangalia ni mguu gani unatua wakati kichwa kiko juu.

Mguu unaotua kichwa kikiwa juu ndio unaouma. Farasi husimamia zaidi miguu ya mbele, takriban asilimia 60 ya uzito wake. Mguu mbovu unapokaribia kugusa ardhi, hukiinua kichwa ili kuupunguzia mzigo. Mguu mzima ukitua, hukiachia kichwa kishuke, naye anapumua. Watu wengi wanaoanza hukosea hapa: wanaona kichwa kinainama na kudhani farasi anaegemea palipo na maumivu. Ni kinyume chake. Tegesha sikio pia, kwa sababu kwato mbili hazitalia sawa. Mguu mzima hutua kwa kishindo kikubwa zaidi.

Mguu wa nyuma una ujanja wake. Ukiuma, farasi hukishusha kichwa na shingo mbele wakati mguu huo unatua, ili kuuvuta uzito utoke nyuma. Lakini katika matiti mguu wa nyuma wa kushoto hutua pamoja na wa mbele wa kulia. Kwa hiyo utaona kichwa kinashuka mguu wa mbele wa kulia ukitua na kuinuka wa mbele wa kushoto ukitua, nawe utaanza kuuchunguza wa mbele kushoto ilhali ubovu uko nyuma, upande uleule. Dawa yake ni kusimama nyuma ya farasi na kuangalia nyonga. Ile inayopanda na kushuka kwa nafasi kubwa kuliko mwenzake ndiyo yenye taabu. Ukiwa na mtu wa kukushikia, bandika kipande cha plasta nyeupe kila upande wa nyonga. Kwenye farasi mweusi tofauti itaonekana waziwazi.

Na je, kama miguu yote miwili ya mbele inauma? Hapo kichwa hakitacheza hata kidogo, maana hakuna mguu mzima wa kuegemea. Utaona tu hatua zimekuwa fupi na farasi anakwenda kama anayeogopa ardhi. Mzungushe kwa duara kwenye sehemu ngumu, kwanza kushoto, kisha kulia. Mguu ulio upande wa ndani wa duara hubanwa zaidi, na mara nyingi kichwa kitaanza kucheza pale pale. Ukimkuta amesimama amejivuta nyuma, amenyoosha miguu ya mbele, kwato zina moto na hataki kusogea, acha majaribio yote. Huo ni uvimbe wa ndani ya kwato, na kila saa inayopita bila daktari ni hasara kwake.

Ukishajua mguu, anza chini kabisa. Maumivu mengi ya mguu wa mbele yako ndani ya ukwato, ingawa watu hupenda kupapasa bega. Inua ukwato, kwangua tope lote, tafuta jiwe, msumari, tundu jeusi, kiatu kilichohama. Weka kiganja juu ya ukwato mmoja, kisha wa pili, ulinganishe joto. Halafu telezesha vidole viwili nyuma ya mguu, pembeni kidogo, juu tu ya kisigino, utafute mpigo wa damu. Kwa farasi mzima mpigo huo ni hafifu, unaweza hata kukosa kuupata. Ukigonga kwa nguvu vidoleni pako, kuna kitu humo ndani. Farasi aliyekuwa mzima jana na leo anakanyaga kwa miguu mitatu mara nyingi ana jipu la ukwato, na majipu haya huongezeka msimu wa mvua kwa sababu ukwato uliolowa hulainika na kupitisha uchafu. Fundi wa kwato au daktari atatoboa usaha utoke, na farasi atakuwa amepata nafuu siku hiyohiyo. Lakini uliza kuhusu chanjo ya pepopunda. Farasi hushikwa na ugonjwa huo kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa kufugwa, na tundu la ukwato ni mlango wake.

Hayo yote yanamhusu punda pia, ila ongeza umakini. Punda huficha maumivu. Katika vichochoro vya Lamu, ambako mchanga na mawe ya ujenzi hubebwa na punda na ambako zahanati yao imekuwapo tangu 1987, au kwenye barabara za mikokoteni ya maji bara, punda anayeonekana mtulivu tu anaweza kuwa mgonjwa kweli. Ukiona kichwa cha punda kinacheza wazi kwa kila hatua, jua mguu umeshaharibika siku nyingi. Mfungue mkokoteni.

Mdomo na mikono inayoshika vigwe

Umemwendesha matiti bila tandiko na kichwa kimetulia tuli. Umemtia lijamu, umepanda, na kichwa kimeanza kurushwa. Sasa ingia mdomoni.

Kati ya meno ya mbele na magego farasi ana mwanya, na lijamu hukaa humo, juu ya ulimi na juu ya ufizi mwembamba uliofunika mfupa. Hakuna nyama ya kupunguza makali. Mkono mzito wa mpandaji unafika moja kwa moja kwenye mfupa. Tena meno yenyewe yana mambo yake. Meno ya farasi huendelea kutoka maisha yake yote, milimita 2 hadi 3 kwa mwaka, yakisagwa na nyasi. Taya la juu ni pana kuliko la chini, kwa hiyo magego hayakutani sawasawa na kingo zake hubaki kali: za juu upande wa shavu, za chini upande wa ulimi. Ukivuta vigwe, shavu linabanwa kwenye makali hayo. Wengine wana kijino kidogo mbele ya gego la kwanza la juu, na lijamu hukigonga kila mara.

Dalili zipo wazi kwa mwenye macho. Anadondosha mabonge ya nyasi zilizotafunwa nusu. Anainamisha kichwa upande mmoja akila. Nafaka nzima zinatoka kwenye mavi. Mate yana damu. Kama usaha unatoka tundu moja tu la pua na unanuka, shuku mzizi wa gego la juu uliooza hadi kwenye uwazi wa fuvu. Hilo si la kusugua kwa tupa, ni la daktari na picha ya eksirei. Mengine mengi hutengenezwa kwa tupa ndefu ya meno mara moja kwa mwaka, kazi ya mtu aliyefunzwa na mwenye kitanua mdomo. Usitie mkono mdomoni mwa farasi kwa ushujaa. Magego hayo husaga mabua.

Kisha kagua vifaa. Ukanda wa puani uwe na nafasi ya vidole viwili, na vidole hivyo viingie juu ya mfupa wa pua, si pembeni kwenye shavu ambako kila ukanda huonekana umelegea. Ukanda wa utosini usiyabane masikio kwa nyuma. Tandiko lisimguse uti wa mgongo. Kama una uwanja uliozungushiwa uzio na farasi ni mtulivu, mpande kwa hatamu isiyo na lijamu kwa dakika chache. Kichwa kikitulia, umepata jibu kwa bei rahisi.

Mpandaji naye achunguzwe. Farasi akitembea anahitaji kuinamisha kichwa, kama nilivyosema, na mikono inatakiwa iende mbele na kurudi pamoja naye. Mpandaji anayeganda na vigwe humgonga mdomoni kila hatua, kisha analalamika kwamba farasi hatulii. Farasi wa kukodi, anayepandwa na wageni kumi kwa siku na kila mmoja ananing'inia kwenye vigwe, ana haki ya kurusha kichwa.

Na hapa nina neno. Desturi ya kumfunga farasi kichwa kwa mkanda unaotoka puani hadi kifuani ili asikiinue inapendwa sana na watu wenye haraka. Inafanya kazi, kwa maana kwamba kichwa hakipandi tena. Maumivu yako palepale, na sasa umemnyima njia ya kuyaeleza. Sue Dyson, daktari wa mifugo wa Uingereza, alichapisha mwaka 2018 pamoja na wenzake orodha ya tabia 24 za farasi aliyepandwa, zikiwemo kichwa kupanda na kushuka mara kwa mara bila kufuata mpigo wa miguu, kukiinamisha upande, kulaza masikio, na kufungua mdomo. Farasi anayeonyesha tabia 8 au zaidi kati ya hizo ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu ya misuli au mifupa, hata kama hachechemei kwa macho ya mwenyewe. Nyingi ya tabia hizo ndizo tunazoziita ukaidi.

Masikio, kupe na nzi

Anayepiga kichwa kushoto na kulia, akajikuna sikio kwenye nguzo, au akakataa kabisa kuvishwa hatamu utosini ilhali zamani hakuwa na shida, mwangalie masikio. Kwetu Afrika Mashariki wa kushukiwa kwanza ni kupe. Yuko mmoja mwenye miguu myekundu anayependa sana farasi na punda: angali mdogo hujificha ndani kabisa ya tundu la sikio, akikomaa huhamia chini ya mkia. Kwa hiyo inua mkia. Ukiwakuta wakubwa huko, wadogo wako sikioni, hata kama kwa nje sikio ni safi. Washa tochi ya simu, mtu mwingine amshike, vuta sikio taratibu nje na juu. Usimwage dawa ya kuogeshea ng'ombe humo wala mafuta ya taa. Ngozi ya ndani ya sikio huungua na utajutia siku utakayotaka kumvisha hatamu tena. Mwachie daktari achague dawa. Kupe hao si kero tu, kwa sababu huambukiza homa ya kupe ya farasi inayoshambulia damu, na farasi mwenye homa, ufizi wa njano na mkojo mwekundu hangoji kesho.

Nzi ndio jibu la kila mtu, na mara nyingine ni jibu sahihi. Chafuo huuma mchana kwenye jua kali; usubi hutoka jioni na alfajiri. Ukimwingiza bandani kabla ya magharibi na tatizo likaisha, ni usubi, na hapo una sababu nyingine kubwa ya kujihadhari, kwa kuwa usubi ndio wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika, ule unaoua kwa siku chache huku mashimo ya juu ya macho yakivimba. Chanjo yake itangulie mvua, isizifuate.

Wapo watafiti waliowavisha farasi makoti yenye mistari ya punda milia huko Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2019. Chafuo walitua mara chache sana kwenye mistari. Ila kichwani, ambako koti halikufika, walitua kama kawaida. Kwa hiyo mistari waachie wenyewe. Kwa kichwa nunua barakoa ya wavu inayofunika macho na masikio. Ivue kila jioni uangalie kama haikuchubua.

Neva ya uso

Sasa chukua farasi ambaye miguu ni mizima, meno yamesuguliwa, masikio ni safi, nzi hakuna, naye bado anarusha kichwa. Tena harushi kwa mpigo wowote. Anakwenda vizuri, kisha ghafla kichwa kinarushwa juu kama aliyeingiwa na nyuki puani, anapiga chafya, anasugua pua kwenye goti akiwa angali anakimbia, anajaribu kuficha pua nyuma ya mwenzake au ndani ya kichaka. Wakati mwingine husugua mpaka anajikwaa. Kazi ikizidi, hali inazidi. Akirudi kivulini, anatulia. Mpandaji anaweza kuanguka na kuumia vibaya, na farasi mwenyewe yuko kwenye mateso.

Huyu anaugua neva ya tano ya fuvu, ile inayoleta hisia zote za uso. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha vipimo vya neva hiyo kwa farasi waliolazwa usingizi. Kwa farasi wazima neva iliamka kwa umeme wa miliampea 10 au zaidi. Kwa wagonjwa 5 au pungufu zilitosha. Yaani upepo, mwanga au vumbi ambalo farasi mwingine halihisi kabisa, kwake linawaka usoni. Farasi mmoja aliyekuwa akiugua kwa msimu alipimwa wakati hana dalili, na neva yake ikajibu kama ya mzima. Neva yenyewe ikikatwa na kutazamwa kwa hadubini haionyeshi kidonda, ndiyo maana madaktari wana tumaini kwamba inaweza kurudishwa kwenye hali yake. Huwapata zaidi farasi walio katikati ya umri wa kazi, na madume waliohasiwa huongoza.

Vitabu vya Ulaya na Marekani vitakuambia kwamba ugonjwa huu huanza majira ya kuchipua, siku zinaporefuka, na kupoa wakati wa baridi. Usiifuate kalenda hiyo kwa upofu. Kwa mfugaji wa Nanyuki au Arusha mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Badala yake weka daftari: jua au mawingu, upepo, vumbi, mvua, alikuwa ndani au nje, amefanya kazi kiasi gani, kichwa kilirushwa mara ngapi. Baada ya wiki chache mchoro utajitokeza wenyewe.

Jaribu mambo mawili rahisi. Kwanza mtoe wakati jua limeshazama, au mvishe barakoa nyeusi ya kukinga mwanga. Akitulia, mwanga ndio unaomchokoza, na ratiba ya kazi yako ihamie alfajiri. Pili, wavu wa pua. Ni kipande cha wavu laini kinachofungwa kwenye ukanda wa puani na kuning'inia juu ya matundu ya pua, hewa ikipita bila taabu. Mguso wake mwepesi usiokatika unaonekana kuishughulisha neva hata ikapuuza vichokozi vingine. Takriban farasi mmoja kati ya wanne hupata nafuu kubwa, na kwa kuwa ni wa bei ndogo na hauna madhara, uwe wa kwanza kabla ya dawa yoyote. Usitumie chandarua kilichotiwa dawa ya mbu.

Zaidi ya hapo ni kazi ya wataalamu. Dawa za kutuliza neva zipo, husaidia baadhi, humlegeza farasi, na haziruhusiwi mashindanoni. Upasuaji wa kukata neva umeachwa kwa sababu ulileta maumivu mengine. Huko Bristol, Uingereza, hutumia sindano nyembamba inayopitisha umeme mdogo karibu na neva, kwa vipindi kadhaa. Wengine hurudi kazini kwa miezi, wengine hawasikii tofauti. Ukweli mchungu ni kwamba wapo wasiopata nafuu, na mwenye farasi wa namna hiyo atafika mahali pa kuamua kumstaafisha au kumpumzisha moja kwa moja. Kumpanda kwa nguvu hakumo kwenye uamuzi huo.

Banda

Amebaki yule anayetikisa kichwa bandani tu, juu ya mlango, kushoto kulia kwa saa nzima, au anayeinamisha na kuinua kila anaposikia ndoo. Wageni humpenda, husema anaitikia salamu. Malishoni farasi hula kwa saa 16 hivi kwa siku, akitembea na wenzake. Mfungie peke yake, mpe nafaka mara mbili na nyasi kidogo, naye atatafuta kazi ya kufanya. Ongeza nyasi kavu, ziwekwe kwenye wavu wenye matundu madogo zidumu. Toboa dirisha amwone jirani. Utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba hata kioo ukutani hupunguza kuyumba huko sana, maana anajiona kama ana mwenzake. Kiwe kioo kisichovunjika. Vyuma vya kumzuia asitoe kichwa mlangoni sivipendekezi. Atayumba ndani.

Kuhusu farasi wanaoitikia: Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na farasi Hans aliyesifiwa kwamba anajua hesabu, akijibu kwa kugonga ukwato na kutikisa kichwa. Oskar Pfungst alionyesha mwaka 1907 kwamba Hans alikuwa akisoma vichwa vya waulizaji, ambao waliinua vyao kidogo mno, bila kujijua, jibu sahihi lilipofika. Farasi hutuangalia vichwa kwa makini kuliko sisi tunavyowaangalia vyao.

Ukimwita daktari

Piga video kabla hajafika, kwa sababu farasi wengi hutulia mgeni akitokea. Chukua ya kwanza ukiwa ubavuni, farasi mzima aonekane, akienda matiti bila mpandaji. Ya pili akiwa amepandwa. Ya tatu akiwa huru malishoni bila hatamu. Andika lini ilianza, alitiwa kiatu lini, meno yalisuguliwa lini. Weka karibu hatamu na lijamu anazotumia kila siku, si zile nzuri za maonyesho.

Kama kilichokufanya umwite ni farasi aliyebadilika tabia ghafla, anatikisa kichwa, anashindwa kumeza, anauma mlango au anayumba nyuma, usifungue mdomo wake kutafuta kilichomkwama. Kichaa cha mbwa huwapata farasi na punda pia, na mate yake ndiyo hatari. Mtenge, zuia watoto, mwambie daktari kwenye simu ili aje amejiandaa, na aliyeguswa na mate penye kidonda aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Na usimpe dawa ya maumivu asubuhi ya siku ya uchunguzi, hata saisi akikusihi kwa huruma, isipokuwa daktari mwenyewe amekuagiza. Daktari anahitaji kumwona akichechemea. Farasi aliyenyweshwa dawa atakwenda matiti kichwa kimetulia kabisa, utalipa nauli na ada, na kesho yake dawa ikiisha mwilini mtaanza upya.